Sabuni ya Bildi

Ghuba ya Busu, 4 Machi

Shangazi yangu,

Na jambo jingine, kwa kuwa ulikata simu nikiwa katikati ya sentensi: si kweli kwamba nimeolewa na "mashua yenye daktari wa meno ndani yake." Nimeolewa na mwanamume. Mashua ni yake, meno ni ya watu.

Shikamoo. Hamjambo wote? Goti la Mama linaendeleaje? Na lile jino alilowekewa na mume wangu siku tatu kabla ya harusi, linatafuna? Anauliza kila siku. Mwambie Baba kitasa alichotupa kwa ajili ya kabati la mashua kinafunga vizuri mno, kimetufungia sukari yetu tangu Jumatatu na ufunguo umezama baharini.

Sisi ni wazima, na mimi nina furaha hata naona aibu. Asubuhi naamka, namwona amejikunja na ramani kifuani, nasema moyoni: huyu ni wangu, na bahari hii ni yetu, na mwaka mzima hakuna mgonjwa atakayegonga mlango wa kliniki. Nilipokuwa nakaa pale mapokezi nikiandika majina ya wenye meno mabovu, sikujua kwamba mwanamume anayeinamia midomo ya watu kutwa nzima anaweza kusimama mrefu namna hii penye usukani. Mashua yetu inaitwa Ganzi. Najua utacheka. Cheka.

Kazi yenyewe ni hii. Yeye anaandika kitabu cha mwongozo kwa watu wa mashua za matanga, cha kuwaambia ghuba ipi inafaa kutia nanga na ipi haifai: ipi imekingwa na upepo, ipi ina kina cha kutosha, na ipi ina chini laini ambayo nanga inaweza kuuma. Nimejifunza kwamba nanga haishiki kwa uzito wake, inashika kwa kuuma. Mchanga ni mzuri, matope ni mazuri zaidi, mwamba ni balaa. Yeye anashika usukani, mimi nasimama mbele na bildi. Wewe unajua bildi kuliko mimi, baada ya miaka yote ile ya ofisi ya ramani, lakini niache nijidai: ni kipande cha risasi kizito kama chupa ya soda, kipo mwisho wa kamba yenye mafundo. Nakitupa, nahesabu mafundo, napaza sauti "Pima tano!" na yeye anajibu "Tano, mpenzi!" Kitako cha ile risasi kina tundu, nasi tunalijaza sabuni ya kufulia. Ikigusa chini, sabuni inanasa kidogo cha kilichoko huko. Nikiivuta juu najua tumesimama juu ya nini. Basi ndiyo kazi ya mwanao wa mapokezi.

Majirani zetu hapa ni Meneja na mkewe. Alikuwa meneja wa benki, amestaafu, ana mashua nyeupe kubwa yenye matanga ambayo hayajawahi kufunguliwa. Injini inanguruma kutwa ili chupa zake zipoe. Mkewe anatembea juu ya sitaha na viatu vya kisigino, tok tok tok, kama mbuzi juu ya bati. Walitia nanga karibu yetu kiasi kwamba nasikia wanapokwangua mkate. Jana Meneja alimwambia mume wangu: "Daktari, bahari si kinywa, huwezi kuiambia ifumbuke." Watu hawa wana pesa na hawana adabu, na chombo chao ni friji linaloelea.

Siku ya harusi, humuhumu mashuani, nilikuwekea kiti karibu na usukani. Ulisema una mafua. Nikaweka mkoba wangu juu ya kiti ili asikae mtu.

Mwanao,
Bibi Harusi


Nyumbani, 14 Machi

Bibi Harusi,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya mafuta ya taa na alama ya kikombe. Nimeisoma nikiwa nimevaa glavu.

Tuko salama. Baba yako yuko dukani na vitasa vyake. Goti la mama yako linatabiri mvua ambayo hainyeshi. Ama jino, keti kwanza. Juzi alikuwa mlangoni akigombana na msoma mita ya maji. Alipofika kwenye neno "wezi", jino likaruka na kutua juu ya daftari la yule bwana. Alilichukua kwa vidole viwili akamrudishia, akasema, "Mama, hili halipo kwenye bili." Tangu hapo mama yako anafumba mdomo, na nyumba imetulia. Mpe mume wako shukrani zangu.

Mwanamume ambaye jino lake halishiki kwenye fizi ndiye anayewafundisha walimwengu pa kushikisha nanga. Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwamba wewe umo ndani ya chombo hicho.

Kuhusu Ghuba ya Busu. Nimefungua ramani na kuitafuta kwa muhuri wa posta yako. Ni ghuba namba kumi na nne kwenye ramani ya sita. Ina pima nne, matope, na mbu. Katika miaka thelathini na moja ya kuchora na kusahihisha ramani sikupata kuona alama ya busu. Kuna alama ya mwamba, alama ya mabaki ya chombo kilichozama, alama ya bomba la maji machafu. Mkishaachana na ushairi, mwambie aandike namba.

Sasa swali moja, na ulijibu bila kupamba. Sabuni unaibadilisha kila unapotupa bildi, au kila siku, au kila unapokumbuka? Mabaharia wa zamani walitumia shahamu, yale mafuta magumu ya mnyama, na waliyachokoa yote kabla ya kutupa tena. Nitumie vipande. Kila ghuba, bandua sabuni kama ilivyo, ibandike kwenye karatasi, andika ghuba na tarehe. Nataka kuona unachokifanya huko zaidi ya kupiga kelele "mpenzi."

Mafua yalikuwa mafua.

Shangazi yako


Kwenye karakana ya mashua, 29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mpe Mama pole, nimecheka hadi nimelia, halafu nikalia tu. Mume wangu hakucheka. Ameomba achorewe umbo la fizi kwa upande wa kulia. Kweli huyu mtu, Shangazi, hata tusi analigeuza kuwa matibabu.

Tumekuja kujaza maji na kuchukua barua. Karakana hii ni banda la bati, msumeno mmoja, na fundi mkuu ambaye anaongea akiwa na misumari mdomoni, kwa hiyo hakuna anayejua bei ya kitu hadi mwisho. Kwenye kabati lake la barua ndipo yako inapokaa, kati ya mkebe wa gundi na mkate wake.

Nimekutumia vipande vitano, vya ghuba tano za mwanzo tulizopima. Nimevibandika vizuri, nimeandika tarehe na namba za ramani kwa wino wa buluu. Usiviguse na glavu. Vya mwisho vitatu tulivipata siku moja, siku nzuri kuliko zote tangu tuoane. Upepo ulikuwa mwepesi, tulikuwa tumevaa kofia moja kwa zamu, na kila nikitupa bildi yeye anaimba kina changu kama wimbo. Cha tano kimetoka kwenye ghuba ambayo nimeipa jina Ghuba ya Fungate. Shangazi, ungeiona! Imepinda kama mkono uliozunguka kiuno. Maji yake unaweza kusomea gazeti. Hakuna mbu, hakuna Meneja. Ramani ya serikali inasema chini ni mchanga, na bildi yangu imeleta mchanga mweupe. Hatukulala pale, tulipima tu tukapita, lakini ameshaiweka ukurasa wa kwanza wa kitabu, na mchoro wake, na maneno haya: "Mahali salama kuliko pote katika pwani hii. Hata mwenye familia alale bila wasiwasi."

Na kuna ukurasa mwingine kabla ya huo. Alinionyesha jana akijifanya anatafuta penseli. "Kwa mke wangu, ambaye mkono wake ndio uliogusa chini ya kila ghuba iliyomo humu." Nimeusoma mara arobaini.

Mwisho wa Mei tutarudi Fungate tukapumzike wiki nzima. Kitabu kitakwenda kwa mpiga chapa tarehe ishirini Juni.

Sabuni naibadilisha inapohitajika.

Mwanao


Nyumbani, 8 Aprili

Mke wa Daktari,

Marahaba. Mama yako anakusalimu kwa kichwa. Baba yako anasema ufunguo wa akiba umebandikwa kwa gundi chini ya kabati lenyewe, kwa nje, na kwamba mtu anayesoma maagizo hanywi chai bila sukari.

Nimetazama vipande vyako kwa kioo cha kukuzia, mezani, mchana, nikiwa nimekula. Sikiliza.

Cha kwanza ni matope meusi. Sawa. Cha pili ni matope yenye vipande vya kombe. Sawa. Cha tatu ni mchanga mweupe wenye chembe za waridi, na hizo ni matumbawe yaliyosagika, kwa kuwa ghuba hiyo ina mwamba wa matumbawe mdomoni. Sawa. Cha nne, mchanga mweupe wenye chembe za waridi. Lakini ghuba ya nne inaingiwa na mto, mwanangu. Mto unaleta matope, hauleti matumbawe. Cha tano, mchanga mweupe wenye chembe za waridi, na juu yake mkwaruzo mmoja mrefu wa kucha, uleule ulioko kwenye cha nne.

Huo ni mchanga mmoja. Uliupakia ghuba ya tatu ukausafirisha ghuba mbili bila nauli. Hukubadilisha sabuni. Ulibandua safu ya juu tu kunitumia mimi, na chini yake ukaacha uchafu wa jana, ukatupa tena, ukavuta tena, ukaona ulichokwisha kukiona. Kipofu mwenye fimbo angepima vizuri zaidi, kwa kuwa fimbo haina mapenzi.

"Inapohitajika"! Mimi ndiye niliyekulipia ada hadi kidato cha nne. Ningejua matokeo yake ni sentensi ile, ningenunua cherehani.

Msitie nanga katika hiyo mnayoiita Fungate. Chini yake si mchanga. Ni mwamba bapa uliofunikwa na mwani, laini kama meza. Nanga haitapata pa kuuma. Usiniulize nimejuaje. Mwambie mume wako afute ukurasa wa kwanza.

Shangazi yako


Ghuba ya Shuka, 22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima, nadhani.

Mchanga ni mchanga. Unaweza kufanana. Watu pia wanafanana na hakuna anayewaita wezi.

Nimefungua ramani ya serikali, ile unayoiamini kuliko ndugu zako. Kwenye Ghuba ya Fungate pameandikwa "mch", kifupi cha mchanga. Na ile h, Shangazi, ina mkia uliokunjwa kama sikio la paka. Naijua h hiyo. Iko kwenye madaftari yangu yote ya shule, uliyaandika wewe majalada. Sasa unakana hata mkono wako mwenyewe ili tu nionekane mjinga? Ofisi ilisema mchanga, wewe uliandika mchanga, bildi yangu imeleta mchanga. Wewe peke yako, uliyekaa kwenye kiti, unaona mwamba.

Hujawahi kukanyaga chombo. Hata kwa saa moja ya harusi yangu hukuweza. Umechora bahari miaka thelathini na moja na hujui inanukiaje. Nadhani inakuuma kuona mtu wa damu yako ana furaha juu ya kitu ambacho kwako ni karatasi.

Sikumwonyesha barua yako. Sitaki amjue shangazi wa namna hiyo.

Mimi


Nyumbani, 13 Mei

Hujaandika. Mama yako amepata gundi ya viatu kwa baba yako, na jino limeshika. Sasa anazungumza tena, hasa kuhusu wewe.

Tukana utakavyo. Lakini msitie nanga pale.

Sh.


Karakana, 2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako fupi nimeikuta hapa, kwenye kabati la fundi. Ilikuwa imekaa siku kumi na nne. Tulikuwa Fungate.

Sote tuko hai. Naanza na hilo.

Siku tatu hapakuwa na upepo, na nanga ilikaa pale kwa uzito wa mnyororo tu, nasi tukaogelea juu ya ule mwani nikisema tazama bustani yetu. Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, upepo uligeuka ukaingia mdomoni mwa ghuba. Kwanza nilisikia sauti. Kama mtu anaburuta kitanda chumba cha juu. Nikamuuliza, "Ni nini hicho?" Akasema, "Mnyororo." Halafu nikaona jiwe la ufukweni linatembea, na kumbe tulikuwa tunatembea sisi. Alikimbia mbele kuongeza mnyororo, ukamponyoka, akaudaka kwa mkono. Vidole viwili vya kulia vimevunjika. Mkono wa kulia, Shangazi. Ule wa kazi. Tulipiga mwamba kwa nyuma, usukani ukakatika kama biskuti. Meneja ndiye aliyetuvuta. Alikuwa anapita tu na friji lake.

Daktari wa zahanati amesema wiki sita, halafu tuone.

Hapa karakana Meneja anasimulia kwa kila anayeingia. "Nilimkuta Daktari amejing'oa mwenyewe, bila ganzi!" Watu wanacheka wakishika mbavu. Fundi mkuu alicheka hadi akatema misumari. Na mume wangu anatabasamu nao, mkono kwenye bandeji, anasema, "Kosa langu, nilitoa mnyororo mfupi." Usiku na mchana ni hilo. Kosa langu, mnyororo mfupi. Ameandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu: "Mwandishi alikokotwa hapa kwa uzembe wake. Toeni mnyororo mrefu zaidi." Ghuba ameiacha pale pale, ukurasa wa kwanza, kwa wenye familia.

Na ananiomba msamaha. Jana alilia kidogo, akasema labda kuna watu hawafai kwa bahari, auze Ganzi, arudi kliniki ikiwa vidole vitakubali. "Nilikuhatarisha," alisema. Nikamwambia, "Usijali." Hilo tu ndilo nililosema. Ananiomba msamaha mimi, Shangazi, na nikaupokea.

Siku ile ya kofia moja sikubadilisha sabuni hata mara moja. Mche ulikuwa umebaki mdogo, na alikuwa anaimba, na sikutaka kuacha kumsikiliza nikachokoe tundu kwa kisu. Ghuba zilizofuata pia, mara moja moja. Sijui zipi.

Nikimwambia, ule ukurasa wake kuhusu mkono wangu utakuwa kichekesho. Nisipomwambia, yeye ndiye kichekesho. Ulijuaje?


Nyumbani, 10 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajui habari ya vidole, nimemwambia mashua imechubuka. Baba yako anajua, ametengeneza kitasa kimoja mara tatu.

Umesema sijawahi kukanyaga chombo. Nilikanyaga. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, wiki tatu, kwenye chombo cha vipimo cha ofisi. Palikuwa na mpimaji aliyetupa bildi, na karani aliyeandika kwenye daftari na kubadilisha shahamu kitakoni kila mara. Karani alikuwa mimi. Mpimaji alikuwa mchumba wangu. Hamkupata kumsikia kwa sababu sikupata kumtaja.

Yeye hakuimba, alikuwa anasimulia. Alikuwa anamwigiza mkuu wa ofisi akila embe na meno mawili, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya shahamu nikicheka, mkono tumboni. Ndoo nimeikalia, unaelewa? Siku nzima. Tulipima ghuba nne. Ya mwisho ni hiyo Fungate yako. Bildi ilileta chembe nyeupe na za waridi, nikaandika "mch", na baadaye nikaichora kwenye ramani kwa wino, na mkia wa h nikaukunja kwa sababu nilikuwa na furaha. Hapo awali nilikuwa naandika h ya kawaida.

Mwaka mmoja na nusu baadaye mkaguzi wa shule alikwenda pale na mkewe kwa mashua yake, akaiamini ramani, na upepo ukageuka. Mashua ilivunjika. Mkewe alivunjika nyonga. Ofisi ilifanya uchunguzi wa asubuhi moja, ikasema bwana yule alitoa mnyororo mfupi. Ndiyo, maneno hayohayo. Tulimcheka sana ofisini. Tulimwita Mnyororo. Mimi nilicheka kuliko wote, na ndipo nilipojifunza kudharau watu, kwa sababu nilikuta kwamba ukimdharau mtu kwa sauti kubwa, huisikii nyingine.

Mchumba wangu alitaka twende kwa mkuu wa ofisi tukaseme. Nilikuwa karibu kuthibitishwa kazini. Nilimwambia, "Tutasema nini, kwamba nilikalia ndoo?" Alingoja wiki mbili. Halafu akaomba uhamisho, na hakuniandikia, na sikumwandikia. Mke wa mkaguzi alikuwa anapita chini ya dirisha langu kwenda sokoni, na fimbo. Nilihamisha meza yangu upande wa pili. Ramani ilichapishwa upya mara tatu, na mara tatu niliichora ile h kwa mkono huuhuu, na kila mara nikaukunja mkia uleule, ili isije ikaonekana tofauti.

Kwa hiyo nilipoona vipande vyako nilijua. Bildi chafu mbili zimekubaliana baada ya miaka thelathini.

Sikuja kwenye harusi kwa sababu ilikuwa juu ya mashua, na wewe ulikuwa unacheka.

Mwambie mume wako kabla ya tarehe ishirini. Usimpambie. Usiniige katika hili, uliloniiga linatosha.

Shangazi yako


Karakana, 19 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya mbao za fundi, na nimeisoma tena.

Nimemwambia. Nilimkuta anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, anarekebisha ukurasa wa kwanza. Nikasema, "Mnyororo haukuwa mfupi." Akasema, "Ulikuwa mfupi." Nikasema, "Hapakuwa na mchanga. Sikubadilisha sabuni." Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyesema anapiga mswaki kila siku.

"Tangu lini?"

"Tangu ghuba ya tatu."

"Kila mara?"

"Si kila mara. Sijui zipi."

"Wiki tatu nimemwomba Meneja radhi," akasema. "Nimemnunulia mpaka soda." Nikampa barua yako. Akashuka nayo kwenye mashua, hakurudi hadi kesho yake adhuhuri.

Kisha akarudi. Alikuwa amempigia mpiga chapa kwa simu ya karakana kusimamisha kitabu, na mpiga chapa amemtukana kwa maneno ambayo hakukubali kuyarudia. Halafu akamwendea Meneja, mbele ya watu, akamwambia pale chini ni mwamba, ramani imekosea, na yeyote atakayetia nanga pale kwa kumcheka yeye atajikuta ufukweni. Meneja aliuliza, "Nani kasema?" Akajibu, "Familia ya mke wangu. Ni wataalamu wa kosa hilo." Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka.

Alinitupia mche wa sabuni mapajani. "Ghuba kumi na moja, mbili tu ndizo za hakika," akasema. "Kata vipande tisa."

Ule ukurasa wa "Kwa mke wangu" ameutoa. Niliukuta kwenye pipa la takataka chini ya vumbi la mbao. Nimeukunjua, nimeuweka. Bado ananijibu kwa kifupi. Lakini jana, nilipomimina chai, alisogeza kikombe changu mahali pa kivuli.

Usukani mpya utakuwa tayari katikati ya Julai. Yeye atashika kwa mkono mmoja, mimi nitatupa bildi, na hatuna wa kuandika na kuchokoa tundu. Leo asubuhi ameniuliza, bila kuinua macho, "Yule shangazi yako asiyependa mashua. Mwandiko wake bado mzuri?"

Mwanao


Nyumbani, 5 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimekwenda ofisini kwangu kwa zamani. Kiti changu amekikalia kijana mwenye waya masikioni, aliyeniuliza kama nimekuja kulipia kiwanja. Nikamweleza kosa la ghuba, akanipa fomu. Fomu ina nafasi ya jina la aliyegundua kosa. Haina nafasi ya jina la aliyelifanya. Nikaliandika pembeni, kwa wino, na h ya kawaida. Akasema, "Bibi, pembeni haturuhusu kuandika." Nikamwambia apeleke kwa mkubwa wake akiwa na hasira hizohizo. Mkaguzi na mkewe wamekwisha kufa. Binti yao anauza vitabu karibu na posta. Nilikwenda kwake pia. Hilo nitakusimulia uso kwa uso, halifai karatasi.

Mwambie mume wako mwandiko wangu ni mzuri kuliko kitabu chake, nimeona ukurasa mmoja ulioufungia chembe za sabuni, anaandika kama mtu anayetoroka. Mche wa sabuni mfulie nguo. Nimenunua shahamu nusu kilo, na nina kisu changu. Kati ya kutupa na kutupa nitachokoa tundu hadi risasi ing'ae, na atakayeimba nitamnyamazisha hadi nimalize, halafu aimbe.

Mama yako ameamua kwamba gundi ya viatu ina ladha ya viatu. Amenipa jino nimletee daktari, limo kwenye kikopo cha vifungo. Habari ya vidole sasa anaijua: kama ana mkono mmoja, atumie mmoja, anasema, aliianza kazi na aimalizie.

Sijui kuogelea na natapika hata kwenye ngazi za kuzunguka. Tayarisheni ndoo mbili, na hakuna atakayezikalia.

Kile kiti cha karibu na usukani, ondoa mkoba wako. Nitafika kabla mwezi huu haujaisha.

Shangazi yako